Nahamia Kampala kikazi: nikae karibu na ofisi, karibu na wifi yangu, au nje ya mji kwenye ua mpana?

Mama Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Arua. Hapa nimezaliwa, hapa nimesoma, na kazi ya ghala nimeianzia hapa hapa tangu nilipotoka chuoni. Mwezi uliopita kampuni ilinipandisha cheo, niwe msimamizi wa ghala kuu lililoko Nakawa, Kampala. Nitaripoti muhula wa pili wa shule utakapofunguliwa. Nilishukuru, tukachinja kuku, majirani wakaja kunipongeza. Tangu hapo sipati usingizi. Kazi yenyewe siiogopi. Kinachonisumbua ni mahali pa kukaa.

Mume wangu hahami. Ana duka la vitenge mjini, na siku za soko huvuka mpaka kwenda Ariwara, Congo. Biashara hiyo ndiyo iliyotujengea nyumba, hatuwezi kuifunga. Kwa hiyo nitakwenda na watoto, mvulana wa darasa la tatu na binti wa miaka mitatu, pamoja na binti wa kazi. Mume wangu atakuwa anakuja kwa basi la usiku kila mwezi biashara ikiruhusu.

Nilikwenda Kampala kutafuta nyumba, nikarudi na tatu kichwani.

Ya kwanza iko Kawempe, chini kuelekea Bwaise. Hapo anaishi dada mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye aliyemlea mume wangu na kumlipia karo baada ya mama yao kufariki. Aliposikia ninakuja hakungoja niombe. Alizungumza na mwenye nyumba wake, akanipatia vyumba viwili na sebule nyuma ya kwake kwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Msikiti uko karibu, na wapangaji wengi ni watu wetu wa West Nile, Kiswahili na Kilugbara unavisikia mpaka dukani. Lakini nilipoingia ndani niliona mstari wa maji ukutani, juu kidogo ya goti langu, umepakwa rangi ila bado unaonekana. Nikamuuliza wifi. Akasema, "Hiyo ni ya zamani."

Ya pili iko Mbuya, ghorofani, vyumba viwili, maji ya bomba, mita ya Yaka (umeme wa kulipia kabla) ya peke yangu, geti lenye askari. Kutoka hapo naweza kwenda kazini kwa miguu. Mwenye nyumba anataka dola 280 kwa mwezi, miezi mitatu kwa mkupuo na amana ya mwezi mmoja. Ni kama shilingi milioni moja kila mwezi, karibu nusu ya mshahara wangu mpya. Watoto hawana pa kuchezea ila pale yanapoegeshwa magari.

Ya tatu iko Kira, nje ya mji. Nyumba ya peke yake, ukuta mzima, mwembe uani, shilingi 600,000. Mwenzangu wa ofisini anakaa jirani na hapo. Anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka na akirudi anakuta watoto wamelala. Anasema nitazoea.

Sasa kila mtu ana lake. Wenzangu kazini wananiambia msimamizi wa ghala kuu hawezi kukaa Bwaise, wateja watanionaje? Wifi ameshanunua mapazia. Mume wangu nikimuuliza anajibu, "Chagua wewe, wewe ndiye utakayekaa." Namshukuru kwa kuniamini, lakini mzigo wote umebaki kichwani kwangu. Dalali wa Mbuya ananipigia kila siku, anasema nisipolipa Ijumaa nyumba inakwenda.

Kiganda sijui zaidi ya salamu. Kampala sina rafiki. Nikimkataa wifi nitaonekana nimepata cheo nikasahau watu. Nikimkubali, nalala kila mvua nikisikiliza maji. Mama, nihamie wapi?

Mama wa Wawili, Arua

* * *

Waaleikum salaam, mwanangu, na hongera sana kwa cheo. Kusimamia ghala kuu si jambo dogo, na nimefurahi kwamba nyumbani walichinja kuku kabla wasiwasi haujaingia.

Nimeisoma barua yako nikiwa na kalamu mkononi, na nitakuambia nilichopigia mstari. Umenieleza nyumba tatu kwa kina: kodi, mita, mwembe, mpaka mstari wa maji ukutani. Umenieleza wanavyosema wenzako, wifi, dalali na baba watoto. Lakini binti wa kazi umemtaja kwa maneno matatu tu, na hukusema popote ni nani atakuwa na watoto kuanzia mwanao anapotoka shule mpaka wewe unapofika mlangoni. Nadhani shida yako imejificha kwenye saa hizo za jioni kuliko kwenye jina la mtaa. Baba yao yuko karibu kilomita 500. Arua, ukichelewa kazini, kuna mama yako, kuna majirani waliokuja kukupongeza. Kampala hao wote hutakuwa nao siku ya kwanza.

Kwa hiyo nakuomba uziangalie tena nyumba zako kwa jicho hilo: mtoto akipata homa saa kumi jioni, nani anambeba?

Tuanze Kawempe, kwa kuwa ndiyo inayokuuma. Hofu yako ya maji ina msingi. Bwaise na maeneo ya chini yanayoizunguka yako bondeni, maji ya milima ya jirani yanashukia huko kwenda kinamasi cha Lubigi, na mitaro ikielemewa maji huingia vyumbani. Wakazi wa huko wanalijua, ndiyo maana utaona milango mingi imejengewa kizingiti cha saruji. Mstari uliouona unaweza kuwa wa zamani kweli, na unaweza kuwa wa mwaka jana. Wifi yako hana sababu ya kukudanganya, ila mtu aliyeishi mahali miaka mingi huacha kuona anachokiona mgeni. Bahati nzuri huu ni msimu wa mvua, mvua za Machi mpaka Mei bado hazijaisha. Mwombe mtu wenu mmoja apite hapo asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku, aangalie ndani na uani. Waulize wapangaji wengine pia, hasa wenye watoto wadogo, wanaweka wapi magodoro maji yakija. Jibu la swali hilo litakuambia mengi.

Lakini Kampala ni mji wa vilima na mabonde, na jina la mtaa peke yake halikuambii kitu. Kawempe ina sehemu za juu ambako maji hayafiki. Mbuya unayoiona ya fahari, ukishuka kuelekea Kinawataka unakuta bonde lenye shida zile zile za Bwaise. Uliza kila mara: ni juu au ni chini? Nimeona umeweka mambo mawili kwenye kapu moja, wifi na vile vyumba nyuma yake. Je, hayawezi kutenganishwa? Yapo mapito ya katikati: nyumba ya juu zaidi hapo hapo Kawempe, unakoweza kufika kwake kwa miguu. Kodi inaweza kupanda, na wifi anaweza kuhuzunika kidogo kwamba hukuchukua alichokutafutia. Hata hivyo huzuni hiyo ni tofauti kabisa na ya mtu aliyekataliwa.

Kuna kikwazo kingine cha Kawempe ambacho hukukitaja, labda kwa sababu ulikwenda kama mgeni ukapelekwa kwa gari. Kutoka Kawempe kwenda Nakawa bila gari lako, njia ya kawaida ni teksi, yaani matatu, mpaka mjini, ushuke kwenye paki ya teksi, uvuke ule umati, utafute teksi nyingine ya barabara ya Jinja. Bodaboda inaweza kukupitisha kwenye Northern Bypass na kushukia Ntinda mpaka Nakawa, ni haraka zaidi, lakini ni gharama ya kila siku, na ni barabara ya malori. Kira kwenye ramani iko mbali zaidi, ila teksi za huko nyingi hupitia Kyaliwajjala na Kireka, zikaingia barabara ya Jinja na kupita Nakawa penyewe. Unapanda moja tu. Umbali wa macho unadanganya sana Kampala. Kwa upande mwingine, mabasi ya kwenu yote huingia mjini kwa barabara ya Bombo, yanapita Matugga, Kawempe na Bwaise kabla hayajafika katikati. Baba watoto akitoka Arua usiku, akiteremka Kawempe alfajiri anakuwa amefika. Akienda Kira ana safari ya pili, kamaliza usiku mzima kwenye kiti. Hayo nayo yahesabu, maana baba anayefika amechoka mno huja mara chache.

Kira naielewa ilivyokuvuta. Wewe umezoea ua, umezoea mtoto kukimbia mpaka achoke. Unaona watoto wakifungiwa ghorofani unahisi umewanyima kitu. Lakini jiulize ua huo utakuwa wa nani. Wewe utauona Jumapili. Siku nyingine zote utakuwa wa binti wa kazi na watoto, ndani ya ukuta mrefu, kwenye mtaa ambao majirani nao wako kazini. Binti huyo ana umri gani? Amewahi kukaa Kampala? Anajua kumpigia nani mtoto akianguka kwenye huo mwembe? Mwenzako aliyekuambia utazoea amekupa habari muhimu bila kukusudia: anarudi watoto wamelala. Wapo wanaoishi hivyo kwa sababu mwenza yuko nyumbani. Wewe mwenza atakuwa Arua. Na usisahau shule. Ukimpeleka mwanao shule nzuri iliyo mjini, gari la shule kwa wanaokaa mbali huja saa kumi na moja alfajiri, na mtoto wa darasa la tatu anamalizia usingizi kwenye kiti cha gari. Ukimpeleka shule ya huko huko Kira, hilo linaondoka, na shule ziko nyingi. Basi ukiipenda Kira, chagua shule kwanza, kisha ndiyo utafute nyumba kuizunguka. (Na tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, mahujaji wanapojaa Namugongo, barabara za upande huo hazipitiki kirahisi. Kama ghala linafanya kazi sikukuu hiyo, omba ruhusa mapema.)

Mbuya inakupa kitu kimoja ambacho zile mbili hazina: dakika chache kati yako na watoto. Ukiitwa shuleni, unakwenda. Mvua ikinyesha na nauli za teksi zikapanda ghafla kama kawaida yake, wewe unafungua mwavuli. Ninachokiogopa ni ile nusu ya mshahara. Bado hujalipa karo, hujampa binti wa kazi haki yake, hujanunua chakula kwa bei za Kampala, na nyumba ya Arua nayo ina matumizi. Hata hivyo usilinganishe kodi na kodi. Chukua ya Kira, ongeza nauli yako ya kwenda na kurudi mwezi mzima, gari la shule, bodaboda za siku ulizochelewa, ndipo uilinganishe na ya Mbuya. Nimepokea barua nyingi za watu waliookoa kodi wakailipa yote barabarani. Sijui hesabu yako itaangukia wapi. Ifanye kwenye karatasi, pamoja na baba watoto.

Kuhusu hizo dola: sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 2022 inataka kodi iandikwe na kulipwa kwa shilingi za Uganda, isipokuwa nyinyi wawili mmekubaliana vingine. Maana yake ukisaini dola, umekubali dola, na shilingi ikishuka thamani kodi yako imepanda bila mtu kukuambia. Mshahara wako ni wa shilingi, kwa hiyo omba kiasi kiandikwe hivyo kabla hujasaini. Sheria hiyo hiyo imeweka kikomo cha kupandisha kodi, asilimia 10 kwa mwaka, na hairuhusu mpangaji kufukuzwa bila amri ya mahakama. Nyumba yoyote utakayochukua, dai mkataba wa maandishi. Na kabla hujalipa, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa huo. Utamhitaji hata hivyo kwa barua ya utambulisho, basi mwulize mapema kuhusu wizi, maji na historia ya nyumba yenyewe. Wenyeviti hawa wanajua nani alihama usiku na kwa nini.

Sasa hao wenzako wa kazini. Sikatai kwamba mahali unapokaa watu hupatazama. Ila wateja wa ghala watakujua kwa mzigo kutoka kwa wakati na hesabu kukaa sawa. Nakuuliza kwa upole tu: kama wasingesema neno lile kuhusu Bwaise, Mbuya ingekuvutia kiasi gani? Kama jibu ni "ingenivutia vile vile, kwa ajili ya watoto," basi ni sababu yako. Kama ingepungua, jua kwamba sehemu ya ile milioni unawalipia wao.

Nije kwa wifi. Umeandika kama vile kuna njia mbili tu, kumkubali au kumkataa. Mimi naona mwanamke aliyelea mdogo wake, na sasa anaona fursa ya kulea tena. Alichokupa hasa ni kuwepo kwake, na vyumba ni njia aliyoiona ya kukupa. Unaweza kukikubali kilicho cha kwanza hata usipochukua cha pili. Mwende mkae naye, si kwa simu, na umwambie ule mstari ukutani ulivyokutisha, kwa heshima, kama mama anayemwambia mama mwenzake. Kisha mwombe jambo ambalo yeye peke yake anaweza kulifanya: awe mtu wa kupigiwa simu, watoto walale kwake siku za hesabu ya ghala, au akuruhusu binti wako wa kazi akae kwake wiki chache ajifunze mji na Kiganda cha sokoni. Huenda akakasirika. Huenda akakushangaza. Na uko uwezekano kwamba ukimsikiliza utaona vile vyumba, vikiwa vikavu, ndivyo vinavyokufaa kuliko ulivyodhani, maana hakuna nyumba nyingine kati ya tatu ambayo mwanao akitoka shule atapokelewa na shangazi yake.

Ila mazungumzo hayo si yako peke yako. "Chagua wewe" ya mume wako wewe umeisoma kama imani, na inaweza kuwa hivyo. Pia inaweza kuwa anaogopa kusimama kati ya mke na dada aliyemlea, akaona heri uamuzi utoke kwako ili lawama nazo ziende kwako. Simtuhumu, mimi simjui. Nasema mwulize waziwazi: "Nikichagua kwingine, utamwambia dada yako sisi wawili tumeamua, au utamwambia mimi nimeamua?" Jibu lake litakupunguzia mzigo kuliko nyumba yoyote.

Iko njia ya nne ambayo hukuiandika. Utangulie peke yako muhula mmoja, upange chumba kidogo karibu na kazi au ukae kwa wifi kama mgeni, watoto wabaki Arua na baba yao na bibi yao wamalize muhula huo wakiwa shule waliyoizoea. Ungejua barabara, ungejua mvua, ungejua ratiba halisi ya ghala kabla ya kulipa amana yoyote. Gharama yake unaijua: binti wa miaka mitatu asiyemwona mama, na wewe kurudi jioni kwenye chumba kitupu katika mji ambao huna rafiki. Kuna akina mama waliofanya hivyo wakashukuru, na wapo waliosema hawatarudia. Sikusukumi huko. Nimeiweka mezani ili usijione umebanwa kwenye nyumba tatu.

Na Kiganda kisikutishe. Utakijifunza kwa muuza nyanya wako kabla hujakijifunza kwa mtu mwingine, na watoto watakushinda kabla ya Krismasi. Mpaka wakati huo, Kampala ina Kiswahili chake, kuanzia kambi za polisi za Nsambya mpaka Kisenyi. Upweke ni jambo jingine, na hilo nalichukulia kwa uzito. Popote utakapokwenda, tafuta msikiti au kikundi cha akiba cha wanawake wa West Nile katika wiki za mwanzo, kabla hujachoka ukaanza kusema utakwenda mwezi ujao.

Dalali na Ijumaa yake mwachie Ijumaa yake. Akipiga, mwambie baba watoto hajaiona nyumba, na hilo ni kweli. Ikiondoka, Mbuya ina nyumba nyingine za vyumba viwili, na wewe bado una wiki kadhaa kabla ya muhula. Anza na kile kikao cha watu watatu, wewe, mume wako na wifi. Kisha niandikie alivyojibu ulipomtajia ule mstari wa maji.